Utambuzi wa valvu za redio za bakelaiti

Utambuzi wa valvu za redio za bakelaiti ni kazi ya kujua ni valvu gani iliyokusudiwa na kiwanda kwa kila soketi ya redio ya zamani yenye kasha la bakelaiti. Redio hizo zilitengenezwa kwa wingi Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950, kabla ya transista kuchukua nafasi ya valvu.

Redio iliyokaa miaka 70 huwa imepita katika mikono mingi. Valvu zinazokutwa ndani yake huenda si zile ilizotoka nazo kiwandani: nyingine zimebadilishwa na fundi aliyekosa aina sahihi, na nyingine zimerudishwa katika soketi isiyo yake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba valvu kuingia vizuri katika soketi si ushahidi kwamba ni sahihi. Hata kuwaka kwake si ushahidi. Valvu isiyofaa inaweza kuunguza transfoma au kuua valvu nyingine nzima, na vipuri hivyo havitengenezwi tena kwa wingi.

## Bakelaiti na valvu

Bakelaiti ni plastiki ngumu ya kahawia au nyeusi iliyobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Marekani. Haipitishi umeme, haiyeyuki kwa joto, na inaweza kufinyangwa katika kalibu kwa maumbo ya mviringo. Sifa hizo zilifaa sana kwa kasha la redio. Mfano maarufu ni Ekco AD65 ya Uingereza, redio ya duara iliyosanifiwa na Wells Coates na kutolewa mwaka 1934.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo (wakati mwingine ya chuma) iliyoondolewa hewa ndani. John Ambrose Fleming alibuni valvu ya kwanza, diodi, mwaka 1904. Lee de Forest aliongeza gridi mwaka 1906, na hivyo kupatikana triodi, ambayo iliwezesha kukuza mawimbi hafifu. Ndani ya valvu kuna kathodi inayopashwa moto na waya uitwao hita. Kathodi ikipata moto hutoa elektroni, na elektroni hizo huvutwa na anodi yenye volti nyingi. Gridi zilizo katikati huongoza wingi wa elektroni zinazopita.

## Kazi za valvu katika redio

Redio nyingi za nyumbani za wakati huo zilikuwa na valvu nne au tano, na kila moja ilikuwa na kazi yake:

* Kibadili masafa hupokea wimbi la kituo na kuligeuza liwe na masafa maalumu ya katikati, ambayo hayabadiliki hata msikilizaji akihama kituo.
* Kikuza cha masafa ya katikati hukuza wimbi hilo.
* Kigunduzi na kikuza sauti cha kwanza hutoa sauti kutoka katika wimbi na kuikuza kidogo. Kwa kawaida kazi hizo mbili ziko katika chupa moja.
* Valvu ya kutolea sauti huipa sauti nguvu ya kuendesha spika.
* Rektifaya hugeuza mkondo geu wa umeme wa nyumbani kuwa mkondo mnyoofu unaohitajiwa na valvu nyingine.

Kujua kazi ya kila soketi husaidia sana. Soketi iliyounganishwa na transfoma ya spika ni ya valvu ya kutolea sauti. Soketi iliyounganishwa na kapasita kubwa za kuchujia umeme ni ya rektifaya. Soketi iliyo karibu na kapasita kubwa ya kuzungusha, ile inayochagua kituo, aghalabu ni ya kibadili masafa.

## Mahali pa kupata jibu

Ushahidi wa kuaminika zaidi hautoki katika valvu zenyewe bali katika redio. Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Namba ya modeli. Mara nyingi iko kwenye kibao cha nyuma, chini ya kasha au kwenye chasisi. Inapaswa kunakiliwa yote, pamoja na herufi ya mwisho.
2. Karatasi ya mpangilio wa valvu. Viwanda vingi vilibandika karatasi ndani ya kasha, au kuchapa mchoro kwenye kibao cha nyuma, kuonyesha kila valvu na mahali pake. Kibao cha nyuma kinaweza kuwa kimetoka katika redio nyingine, hivyo namba ya modeli iliyo juu yake ilinganishwe na ile ya chasisi.
3. Mwongozo wa fundi. Hati hiyo ya kiwanda ina mchoro wa saketi, orodha ya valvu na volti zinazotarajiwa katika kila pini. Ikipatikana, ndiyo yenye neno la mwisho.
4. Maandishi ya chasisi. Katika baadhi ya redio, jina la valvu limepigwa mhuri kwenye chuma kando ya soketi.
5. Valvu zilizomo. Hizi ni dokezo tu, zisichukuliwe kuwa uthibitisho.

## Kusoma jina la valvu

Jina lililochapwa kwenye kioo lina maana, na anayejua kulisoma anaweza kugundua kosa kabla ya kuwasha redio.

### Mfumo wa Ulaya

Mfumo huu ulianza mwaka 1934 na ulitumiwa na Philips, Telefunken, Mullard na viwanda vingine. Herufi ya kwanza huonyesha umeme wa hita:

| Herufi | Umeme wa hita |
|---|---|
| A | volti 4 |
| C | miliampea 200 |
| D | takriban volti 1.4 (redio za betri) |
| E | volti 6.3 |
| P | miliampea 300 |
| U | miliampea 100 |

Herufi zinazofuata huonyesha kilichomo ndani: A ni diodi moja, B ni diodi mbili, C ni triodi, F ni pentodi ya kukuza mawimbi, H ni heksodi au heptodi, L ni pentodi ya kutolea sauti, M ni jicho la kijani la kuonyesha kituo, Y ni rektifaya ya nusu wimbi na Z ni rektifaya ya wimbi zima. Chupa yenye sehemu mbili hupewa herufi mbili.

Tarakimu huanza kwa kuonyesha aina ya kitako. Namba za thelathini kwa kawaida ni kitako cha oktali, arobaini ni Rimlock yenye pini 8 nyembamba, themanini ni kitako cha pini 9, na tisini ni cha pini 7. Kwa mfano, EBC33 ina hita ya volti 6.3, diodi mbili na triodi, katika kitako cha oktali.

### Mfumo wa Marekani

Katika majina ya Marekani, namba ya kwanza ni volti za hita kwa kukadiria. 6V6GT hutumia volti 6.3, 12SK7 hutumia volti 12.6, na 50L6GT hutumia volti 50. Herufi za katikati hazielezi kazi kwa uhakika. Herufi za mwisho huonyesha umbo la chupa: G ni kioo kikubwa chenye mabega, na GT ni kioo kifupi kilichonyooka. Katika valvu za oktali za mfumo huo, ambayo haina herufi ya mwisho aghalabu ni ya chuma.

### Mifumo mingine

Viwanda vya Uingereza kama Osram, Marconi na Mazda vilikuwa na majina yao wenyewe, na hapo makosa hutokea kwa urahisi. Kwa Osram na Marconi, herufi U ikifuatwa na namba tu humaanisha rektifaya. Hivyo U50 ni rektifaya yenye hita ya volti 5, wala haihusiani na herufi U ya mfumo wa Ulaya. Valvu zilizonunuliwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza zina namba zinazoanza na CV. Kwa mfano, CV4004 ni toleo la kijeshi la ECC83.

## Majina tofauti ya valvu ileile

Valvu moja inaweza kuwa na majina mawili au matatu. EL84 ya Ulaya ni 6BQ5 ya Marekani, na ECC83 ni 12AX7. Hivyo jina lisilolingana na mwongozo si lazima liwe kosa. Inafaa kutazama kitabu cha data za valvu kabla ya kuitupa.

Kwa upande mwingine, majina yanayokaribiana yanaweza kuficha tofauti kubwa. EL84, PL84 na UL84 zote ni pentodi za kutolea sauti zenye kitako cha pini 9, na zote huingia katika soketi moja. Lakini hita ya EL84 hutumia volti 6.3 na ampea 0.76, ya PL84 volti 15 na ampea 0.3, na ya UL84 volti 45 na ampea 0.1. Herufi moja ya mwanzo ndiyo inayozitofautisha.

## Hita: sambamba au mfululizo

Kabla ya kuchagua valvu, ni lazima kujua jinsi hita zilivyounganishwa, kwa kuwa kuna njia mbili.

Katika redio zenye transfoma ya umeme, hita zimeunganishwa sambamba. Zote hupata volti sawa, mara nyingi 6.3, na kila moja huchukua mkondo wake. Redio hizi hutumia valvu za herufi E. Rektifaya inaweza kuwa na volti zake peke yake. Kwa mfano, AZ31 yenye hita ya volti 4 ilitumika pamoja na valvu za volti 6.3, ikiwa na waya wake maalumu katika transfoma. Anayedhani kwamba valvu zote za redio hiyo lazima zianze na E atakosea.

Katika redio zisizo na transfoma ya umeme, zinazotumia mkondo geu au mkondo mnyoofu, hita zimeunganishwa mfululizo kama shanga katika uzi. Mkondo uleule hupita katika zote, na volti zao hujumlishwa. Redio hizi hutumia valvu za herufi U au C. Redio za Marekani za namna hiyo zilitumia hita za miliampea 150. Seti ya 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6GT na 35Z5GT ina jumla ya takriban volti 123, karibu sawa na umeme wa nyumbani wa nchi hiyo.

Katika mfululizo, hita moja ikikatika valvu zote huzimika. Hiyo haimaanishi kwamba zote zimeharibika. Kila hita hupimwa peke yake kwa multimita, redio ikiwa imechomolewa.

Kosa katika mfululizo huumiza valvu nyingine. Mtu akiweka EL84 badala ya UL84, volti 45 zilizopaswa kubaki kwenye soketi hiyo huhamia kwenye hita zilizobaki. EL84 haitapata moto wa kutosha, huku nyingine zikipashwa kupita kiasi na maisha yao kupungua.

Kundi la tatu ni redio za betri, zilizotumika mahali pasipokuwa na umeme wa nyaya, zikiwemo sehemu nyingi za Afrika. Valvu zake huanza na D, kama vile DK91, DF91, DAF91 na DL92. Waya wake wa volti 1.4 ni mwembamba na hukatika mara moja ukipewa umeme mwingi.

## Mfano: Bush DAC90 na DAC90A

Redio mbili za kampuni ya Bush ya Uingereza zinaonyesha kwa nini namba ya modeli inapaswa kusomwa hadi herufi ya mwisho. DAC90 ilitolewa mwaka 1946, na DAC90A ilifuata mwaka 1950. Zote ni redio ndogo za bakelaiti zisizo na transfoma ya umeme, na kwa nje zinafanana sana.

DAC90 hutumia CCH35, EF39, EBC33, CL33 na CY31. Kuwepo kwa valvu mbili za herufi E katika mfululizo kunaweza kuonekana kuwa kosa la fundi, lakini ni sahihi. Hita za EF39 na EBC33 hutumia volti 6.3 na pia miliampea 200, hivyo zinalingana na valvu za herufi C.

DAC90A hutumia valvu tofauti kabisa, zenye kitako cha Rimlock:

| Valvu | Kazi | Volti za hita | Jina la Marekani |
|---|---|---|---|
| UCH42 | Kibadili masafa | 14 | 14K7 |
| UF41 | Kikuza cha masafa ya katikati | 12.6 | 12AC5 |
| UBC41 | Kigunduzi na kikuza sauti cha kwanza | 14 | 14L7 |
| UL41 | Kutolea sauti | 45 | 45A5 |
| UY41 | Rektifaya | 31 | 31A3 |

Jumla ya volti za hita ni 116.6, kwa mkondo wa miliampea 100. Redio ikiwekwa kwenye umeme wa volti 230, takriban volti 113 zinazobaki lazima ziangushwe na sehemu nyingine za mfululizo, hasa rezista kubwa. Hiyo ni nguvu ya zaidi ya wati 11 inayogeuka kuwa joto, na ndiyo sababu rezista hiyo huwa moto sana redio inapofanya kazi.

Valvu zote tano zina kitako cha aina moja, na hita zake zote ziko kwenye pini ya 1 na ya 8. Kwa hiyo yoyote inaweza kuingia popote na bado ikawaka. Redio itaonekana hai, zote tano zikitoa mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, lakini itakuwa kimya, au mkondo utapita mahali pasipofaa. Hapa jina lililo kwenye kioo, likilinganishwa na karatasi ya mpangilio, ndilo pekee linalotoa uhakika wa haraka.

## Valvu iliyofutika jina

Wino wa valvu nyingi hufutika kwa urahisi. Valvu chafu haipaswi kusuguliwa kwa kitambaa chenye maji kabla ya jina lake kunakiliwa, maana mpanguso mmoja unaweza kuliondoa. Maandishi hafifu huonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa pembeni, au kwa kupuliza pumzi ya kinywa kwenye kioo baridi.

Jina likiwa limefutika kabisa, dalili hizi husaidia:

* Msimbo wa kiwanda. Valvu za kundi la Philips na Mullard za miaka ya 1950 na kuendelea zina herufi ndogo chini ya kioo, zinazoonyesha aina, kiwanda na tarehe. Kwa mfano, herufi B mwanzoni mwa mstari wa kiwanda ni alama ya kiwanda cha Mullard cha Blackburn.
* Kitako na kofia. Hesabu ya pini hupunguza uwezekano. Kofia ya chuma juu ya kioo, inayounganishwa kwa waya, ilikuwa ya kawaida katika valvu za miaka ya 1930 na 1940.
* Pini za hita. Mara nyingi ni pini ya 2 na ya 7 katika oktali, 1 na 8 katika Rimlock, 4 na 5 katika kitako cha pini 9. Hata hivyo kuna tofauti: 12SQ7 ni ya oktali lakini hita yake iko kwenye 7 na 8.
* Umbo la ndani. Rektifaya haina gridi. Valvu ya kutolea sauti ina anodi kubwa kuliko ya valvu za kukuza mawimbi.

Ukinzani wa hita baridi hauwezi kutumika kukokotoa volti zake, kwa sababu hita ikipata moto ukinzani wake huongezeka mara kadhaa.

Rangi ya doa la fedha ndani ya kioo pia hueleza jambo. Doa hilo hunyonya gesi zilizobaki. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu haifai tena, hata kama jina lake ni sahihi.

## Usalama

Katika redio zisizo na transfoma ya umeme, chasisi imeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa nyumbani. Plagi ikigeuzwa au nyaya zikibadilishana, chasisi yote hubeba volti 230 au zaidi. Bakelaiti ndiyo inayomkinga msikilizaji. Kasha likivunjika, kibao cha nyuma kikikosekana, au skrubu ya kitufe cha sauti ikiachwa wazi, kinga hiyo haipo. Mafundi hutumia transfoma ya kutenganisha wanapopima redio za namna hii.

Kapasita kubwa huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo hupimwa na kutolewa umeme kabla ya kugusa chochote. Valvu huondolewa redio ikiwa imezimwa na imepoa, kwa kuivuta wima bila kuipinda. Valvu ya oktali hushikwa kwenye kitako, si kwenye kioo.

Mwisho, valvu sahihi haitoshi ikiwa saketi ni mbovu. Kapasita za karatasi na nta zinazopeleka sauti kwenye gridi ya valvu ya kutolea sauti huvuja zinapozeeka. Gridi ikipata volti chanya, UL41 mpya huvuta mkondo mwingi kupita kiasi na inaweza kufa baada ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo kapasita hiyo hubadilishwa kwanza, ndipo valvu iliyotambuliwa huwekwa mahali pake.

## Tazama pia

* Bakelaiti
* Diodi
* Redio
* Transista
* Triodi